Kibarua, mwanagenzi au mkataba: umchukueje kijana ili akae?

Tanga tuna msemo wetu, mgeni huambiwa hata mzigo wake haujashushwa kwenye basi: waja leo waondoka leo. Wenye taarab wana maana yao wakiusema. Sisi wenye vibiashara tuna yetu. Kijana anakuja Jumatatu, Jumanne anaanza kushika ukandaji, Alhamisi anaomba ruhusa kwenda msibani Muheza, na ndiyo imetoka hiyo. Jumapili unamwona Barabara ya 12 yuko juu ya pikipiki, anakupungia mkono kwa heshima zote.

Nina tanuri la mikate Ngamiani. Tunaoka boflo, skonsi na mkate wa silesi. Wafanyakazi ni 8, mimi wa 9. Unga unaanza kukandwa saa tatu usiku, mikate ya kwanza inatoka saa nane, na kabla ya adhana ya alfajiri wenye baiskeli wameshapanga makreti yao mlangoni. Ni kazi ya usiku, ya joto, ya kubeba. Mzee wa rika langu haiwezi, kwa hiyo bila vijana nafunga. Kwa miaka kadhaa nimewachukua kwa njia tatu: kibarua wa kutwa, mwajiriwa wa mkataba, na mwanagenzi anayetoka chuo. Kila njia imenipa kitu na kuninyang'anya kingine. Nakuwekea hesabu yake hapa, wewe mwenye gereji, saluni, duka la vifaa au nyumba ya wageni, uchague yako.

Unayegombania naye

Kabla ya hizo tatu, mjue kwanza anayekuchukulia vijana. Si mwoka mikate wa Makorora. Ni bodaboda.

Nilimuuliza kijana mmoja aliyeniacha, nikitaka anieleze mkataba wake wa pikipiki. Hesabu, yaani fedha ya kumpelekea tajiri mwenye pikipiki, 10,000 kila siku, Jumatatu hadi Jumamosi, kwa miezi 14, kisha pikipiki inakuwa yake na kadi anakabidhiwa. Siku ikiwa mbaya, deni linahamia kesho. Mafuta yake, pancha yake, faini yake. Nikampigia hesabu palepale: siku 26 mara miezi 14, unampa tajiri 3,640,000. Huna likizo, ukianguka huna wa kukufidia, mvua ikinyesha wiki nzima hesabu haisimami.

"Najua, mzee," akanijibu. "Lakini tarehe naijua."

Jibu hilo lilinikalisha kitako. Kwangu alikuwa na fedha ya uhakika zaidi, na mkate wa moto wa bure kila usiku, ila tarehe hakuwa nayo. Mwaka wa kwanza kuosha mabati, wa pili kuosha mabati, wa tatu Mungu anajua. Tunawasema vijana wa siku hizi kuwa hawataki kazi ngumu. Yule alikuwa tayari kukaa juani miezi 14. Tangu hapo, kila njia ya kumchukua mtu naipima kwa fedha, halafu naipima kwa hiyo tarehe.

Kibarua wa kutwa

Neno lenyewe limezaliwa na barua. Kibarua ni kale kakaratasi alikopewa mtu kuonyesha siku aliyofanya kazi, baadaye jina likamhamia mwenye karatasi. Mkoa huu unalijua neno hilo kwa mgongo. Mkonge uliletwa 1893, na mashamba ya Korogwe, Muheza na Pangani yakahitaji watu wengi kuliko waliokuwa tayari kwenda. Mwenye minazi na muhogo wake aliona kwa nini akakate mkonge wa mtu. Basi watu wakaletwa kutoka mbali, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa, wakafanya kazi kwa kipande cha siku 30: kila siku inatiwa alama, zikitimia ndipo unalipwa. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda hata ofisi ya pamoja ya kutafuta wafanyakazi, SILABU. Ofisi nzima, kwa kuwa ilionekana rahisi kumsafirisha mtu kutoka upande wa pili wa nchi kuliko kumuuliza wa jirani kwa nini haji. Nikitazama namna sisi wenye vibiashara tunavyolalamika barazani, naona bado tumo humo humo.

Lakini nisimseme vibaya kibarua, ana mahali pake. Mwezi wa Ramadhani mauzo yangu ya mchana yanakufa, ya jioni yanapanda, na wiki ya Idi skonsi hazitoshi. Siku hizo nahitaji mikono ya watu watatu zaidi kwa siku sita au saba. Hapo kibarua ndiye jibu. Na kijana mwenyewe anaipenda fedha ya papo hapo: ana mchezo wa kutoa kila siku, ana vocha, ana mama yake Mikanjuni anayesubiri cha jioni.

Ubaya wake ni kwamba ujuzi haukai. Hamira ya kaskazi haipimwi kama ya kipupwe. Joto likipanda, unga unaumuka kabla hujageuka. Mkandaji wangu wa zamani anaujua kwa kubonyeza kwa kidole: ukirudi polepole uko tayari, ukibaki na shimo umeshapita. Kibarua wa siku ya pili atalijuaje shimo hilo? Usiku mmoja wa mwezi wa kwanza, mkandaji akiwa mgonjwa, tulitoa mabati manne ya mikate iliyolala kama kandambili. Bati moja ni mikate 24, dukani naupeleka kwa 1,200. Piga: 115,200 zimekwenda kwa ng'ombe wa jirani. Hasara hiyo haiandikwi kwenye daftari la mishahara, ila chanzo chake kimo humo.

Mwingine aliungua mkono kwa bati la moto. Nilikuwa sijamwandikisha popote. Nikampeleka zahanati, nikalipa kutoka mfukoni, nikamlipa na siku alizolala nyumbani, na bado mama yake alipokuja sikuweza kumtazama usoni.

Na hapa pana jambo wengi tunalikosea. Tunadhani kibarua hana haki, kwa hiyo ni nafuu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haisemi hivyo. Kibarua uliyemchukua, ukamwacha, ukamwita tena ndani ya mwaka, jumla ikazidi miezi sita, anastahili likizo ya malipo. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya 5% ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Kumwita mtu kibarua hakuifuti. Unafuu tunaousifu kwa sehemu kubwa unatokana na kutowaandikisha, na unafuu wa namna hiyo ni deni, siku moja litadaiwa.

Tarehe? Hana. Anajua jioni tu.

Mkataba

Hapa ndipo waajiri wenzangu huanza kukuna vichwa, kwa hiyo twende na daftari. Kibarua wa tanuri namlipa 12,000 kwa usiku. Siku 26 ni 312,000. Mwajiriwa wa mkataba nimempa mshahara wa 300,000. (Nyongeza ya usiku naiweka kando, wote wawili wanaistahili. Na kabla hujapanga wako, tazama kima cha chini cha sekta yako, kinabadilishwa kwa tangazo.)

Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni 20% ya mshahara: nusu anakatwa yeye, nusu natoa mimi, yaani 30,000. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ni 0.5%, yaani 1,500. Hiyo inatoka kwangu yote, yeye hakatwi hata senti. Jumla inayonitoka ni 331,500. Tofauti na kibarua ni 19,500 kwa mwezi. Yeye anabaki na 270,000, na kwa kuwa kodi ya mshahara inaanza kinachozidi 270,000, hapo hakatwi kodi. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi hainigusi bado, hiyo inaanzia mwajiri mwenye watu 10.

Nisikufiche gharama nyingine. Likizo ya mwaka ni siku 28 za malipo. Akiwa likizo lazima nimweke mtu mahali pake: usiku 24 kwa 12,000 ni 288,000, nikizigawa kwa miezi 12 ni 24,000. Kwa hiyo tofauti ya kweli ni 43,500 kwa mwezi. Iweke pembeni ya yale mabati manne ya 115,200, kisha uamue mwenyewe ipi ghali.

Hofu nyingine ni ile ya barazani: ukimwandikia mkataba hutamtoa tena. Si kweli. Miezi sita ya kwanza ni ya kuangaliana. Kanuni za kuachishwa kazi isivyo haki hazimhusu aliyefanya kazi chini ya muda huo. Baada ya hapo unahitaji sababu ya kweli na utaratibu wa haki: umwite, umsikilize, uandike. Notisi ya mtu wa mwezi ni siku 28, ya mtu anayeajiriwa kwa siku au wiki ni 4. Ukimwachisha baada ya mwaka na zaidi, na si kwa utovu wa nidhamu, unampa mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia. Ukikiuka, atakupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na anazo siku 30 za kufanya hivyo. Mimi nimewahi kuachana na mtu kwa utaratibu huo, tukamalizana ofisini kwangu, chai mezani.

Kilichonishangaza ni kwamba wa kwanza kuukataa mkataba hawakuwa waajiri wenzangu, walikuwa vijana wenyewe. Mmoja aliusoma wote, akaurudisha mezani. "Mzee, tarehe 30 ni mbali sana." Yuko sahihi. Mtu aliyezoea fedha ya jioni ukimwambia asubiri siku 30, wiki ya pili anakuja kuomba adivansi, ya tatu anakopa kwa mama ntilie, ya nne mshahara unapita mikononi mwake kama maji kwenye chujio. Kale ka kipande cha siku 30 kalikuwa hivyo hivyo.

Tukaelewana: mkataba ni wa mwezi, notisi ni siku 28, lakini malipo kila Ijumaa kwa simu, na ya kutolea juu yangu. Ya kutolea ni kitu kidogo mno, nisingedhani kingetajwa. Ndicho wanachowasimulia wenzao.

Bado mkataba peke yake hauna tarehe. Una usalama, na usalama kijana wa miaka 22 hauoni, unaonekana na mkwe wake. Tarehe ilibidi niiweke kwa mkono wangu. Nimebandika karatasi ukutani, juu ya kabati la hamira. Mwezi wa 3: unakanda peke yako. Mwezi wa 8: unashika tanuri, mshahara unapanda, na kiasi kimeandikwa. Mwezi wa 12: Jumamosi mchana tanuri ni lako.

Hilo la Jumamosi nilifafanue, maana ndilo lililobadilisha mambo. Jumamosi kuanzia saa sita mchana tanuri langu linalala na joto lake, hatuoki mpaka usiku. Aliyetimiza mwaka, siku hiyo si zamu yake, anaruhusiwa kulitumia kwa mzigo wake. Unga ananunua yeye kwa bei ninayonunulia mimi, kuni zilizobaki hazina bei, faida yake. Mmoja anaoka skonsi za nazi, anazipeleka kwenye shughuli na hitima. Nikiulizwa kama siogopi kuzaa mshindani, nasema naogopa, ndiyo. Ila mshindani huyo kwa sasa yuko ndani, na Jumatatu usiku anaingia kazini saa tatu kasoro.

Mwanagenzi

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana chuo Tanga hapa, na vijana wake hutafuta mahali pa kufanya mafunzo kwa vitendo. Wapo pia wa mfumo wa uanagenzi, wanaogawa muda kati ya darasa na kazi. Kwa fedha ni njia rahisi kuliko zote: nauli, chakula, kiposho. Ukiona rahisi hivyo, jihadhari na nafsi yako.

Wa kwanza kwangu alikuja na daftari la chuo ambalo mwenye kazi anatakiwa kusaini kila wiki. Nilikuwa nasaini bila kusoma. Wiki ya sita, sijui kwa nini, nikasoma. Alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri sana: "Kufagia. Kuosha mabati. Kufuata chai." Nikarudi ukurasa wa wiki ya tano. "Kuosha mabati. Kufagia. Kufuata chai." Hakulalamika, aliandika tu kilichotokea, na saini zangu tano zipo chini yake.

Ukimchukua mwanagenzi, mchagulie mtu mmoja wa kumfuata, na mtu huyo umwongeze kitu, kwa sababu kufundisha kunampunguzia mwendo. Hilo ndilo gharama halisi ya njia hii, posho ni kidogo. Mwenye umri chini ya miaka 18 usimweke tanurini usiku. Na usimhesabu kama mfanyakazi kwenye ratiba. Siku chuo kikimwita, usiku huo utaoka na nani?

Faida yake unaiona baada ya miezi miwili. Umemwona mtu anavyofika, anavyosema, anavyoshika unga, bila kumwahidi kitu. Wawili kati ya watu wangu wa mkataba walianza hivyo. Na yeye tarehe anayo, chuo kimempa.

Kuna mlango mwingine waajiri wengi hawaujui: urasimishaji wa ujuzi. VETA wanampima mtu aliyejifunzia kazini na, akifaulu, wanampa cheti. Mkandaji wangu mwenye kile kidole hakumaliza shule. Kwake cheti ni kitu cha kufremu. Mtu atasema akishakipata ataondoka. Huenda. Ila nimeona wanaoondoka kwangu wakiwa hawana cheti ni wengi zaidi.

Zamu

Hapa ni kwa kifupi, kwa kuwa sina la kulinganisha sana: zamu moja ndefu ilinishinda. Tulikuwa tunaanza saa mbili usiku hadi saa tatu asubuhi, watu wale wale, na sheria inasema mwisho saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, siku zisizidi 6, na saa 12 za kupumzika katikati. Nikagawa mara mbili: wa kukanda na kuoka, na wa kufungasha na kupakia wanaoingia saa tisa usiku. Gharama ilipanda kidogo, kulala juu ya magunia kukaisha. Na kitu kingine, ratiba inatoka Alhamisi kwa wiki nzima ijayo. Kijana mwenye mechi Mkwakwani au mwenye harusi ya dada yake anajua mapema na anabadilishana na mwenzake, kuliko kunizulia msiba.

Ungeniuliza uchukue ipi

Kama biashara yako inapanda na kushuka kwa msimu, mathalani nyumba ya wageni inayojaa Desemba, kaa na vibarua wa msimu, lakini waite wale wale, waandikishe, na majina yao yawe kwenye daftari lako. Kama kazi yako inaharibika kwa mkono mgeni, na mikate, injini na nywele za harusi zote ni za namna hiyo, lipa ile 43,500 uandike mkataba, fedha itoke kila wiki. Mwanagenzi mchukue tu kama una mtu wa kumfundisha. Huna, mwache aende kwa mwingine, utamharibia miezi yake bure. Mimi nachanganya: watano wa mkataba, wawili wanagenzi, mmoja kibarua wa kudumu ambaye mkataba hautaki kabisa kwa kuwa asubuhi ana ngalawa yake Sahare. Naye nimemwandikisha WCF.

Yule wa pikipiki tarehe yake ilifika. Alikuja alasiri moja na kadi mkononi ili niione jina lake, shikamoo ikatoka akiwa bado hajazima injini. Sikumwomba arudi. Jumamosi hizi naona anafika saa tisa mchana, anafunga kreti nyuma, anazichukua skonsi za nazi za mwenzake mpaka Raskazone. Nauli wanaelewana wenyewe, mimi sihusiki.